Miguu Yangu, Bando la Mwenzangu

Baiskeli yangu ina kilo 17. Niliipima kwenye mizani ya muuza mbatata pale Darajani, lakini hata bila ya mizani ningejua, maana kila siku naipandisha mwenyewe mpaka ghorofa ya nne. Naishi Michenzani, mjini Zanzibar, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Lifti hakuna. Chini siiachi baiskeli, kwa sababu usiku hewa ya chumvi inaingia kila pahala na asubuhi unakuta cheni imeshavaa kutu. Basi baada ya Magharibi natia bega ndani ya fremu, nashika ukuta, napanda. Watoto wa ghorofa ya pili hunisubiri ngazini wapige kengele. Nawaachia wapige, maana hapo ndipo ninapovuta pumzi.

Kwenye keria napakia laptopu, chaji yake, betri ya akiba, pampu ya mkono, tyubu moja, viraka na gundi, spana mbili na chupa ya maji. Kila kimoja nakijua uzito wake kwa miguu. Zamani nilibeba na kufuli kubwa la chuma, kilo moja na nusu. Baada ya safari mbili za Bububu nikalibadilisha.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nachagua kila gramu ya mzigo wangu barabarani, kisha nakaa mezani napakia mizigo kwenye keria za watu wengine bila kujua. Aliyeyagundua hayo si mimi. Ni bi mkubwa mmoja wa Jambiani.

Ilikuwa mwezi wa Juni, upepo wa kusi umeshika. Huyu bi mkubwa ana nyumba ya vyumba vinne karibu na pwani, anakodisha kwa wageni, na mpwa wake aliyeko mjini ndiye aliyeniletea kazi. Picha alizipiga mpwa, maelezo aliyaandika mpwa, malipo yalipitia kwa mpwa. Mwenye nyumba sikuwahi kumwona. Tovuti ilipokamilika nikaona si uungwana kumkabidhi mtu kitu chake kwa ujumbe wa simu. Nikaamua kwenda mwenyewe, kwa baiskeli.

Kutoka mjini mpaka Jambiani ni kama kilomita 55. Nilitoka baada ya sala ya Alfajiri, nikapita Amani, Mwanakwerekwe sokoni wanashusha ndizi na majimbi, halafu barabara ya kusini ikafunguka. Wenzangu wa barabara saa zile ni wengi: wanafunzi wenye mikoba, wauza maziwa na madumu yao, wazee wa baiskeli za Phoenix wanaokwenda polepole mgongo umenyooka. Zanzibar baiskeli ni chombo cha kazi. Mtu hupakia kuni, tenga la samaki, na mke wake amekaa upande nyuma ameshika mwamvuli, na wala hakuna anayemshangaa. Anayeshangaliwa ni mimi na kofia yangu ngumu.

Baada ya Tunguu, penye Chuo Kikuu cha Taifa, upepo ulinikabili uso kwa uso. Anayeujua upepo wa kusi ni mvuvi na mwendesha baiskeli. Haukupigi kwa dharuba, unakusukuma kifuani kama mtu aliyekukataza kuingia, na hauchoki. Nikashuka gia, nikainama juu ya usukani. Nilipofika Bungi nikapata nafuu kwenye miembe ya Bi Khole. Bi Khole alikuwa binti wa Sayyid Said, Sultani wa zamani wa Zanzibar, na magofu ya nyumba yake yapo hapohapo jirani. Miembe ile mikubwa imeshikana juu ya barabara, na ukiingia chini yake upepo unakatika ghafla, hewa inakuwa baridi, unasikia cheni yako mwenyewe. Sijui pahala pengine Unguja ninapopapenda zaidi nikiwa juu ya baiskeli. Pale Jozani nikapunguza mwendo kwenye matuta yaliyowekwa kuwanusuru kima punju, ambao asili yao ni kisiwa hiki tu. Wawili walikuwa juu ya tawi wanakula majani, mikia inaning'inia. Kitogani nikakata kushoto. Daladala ya 309 ikanipita, utingo akanipigia kelele, "Kaza, yakhe!" Nikakaza.

Bi mkubwa sikumkuta. Maji yalikuwa yamekupwa, na yeye alikuwa baharini kwenye mwani wake. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, huku huku upande wa mashariki, Paje na Jambiani, na wanaokifanya wengi wao ni wanawake. Saa zao za kazi zinapangwa na bahari. Nikakaa barazani nikangoja mpaka maji yakaanza kurudi, nikamwona anakuja kutoka mbali, khanga imefungwa kiunoni, gunia kichwani linachuruzika.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe wa mtandao? Na baiskeli kutoka mjini, na upepo huu! Kaa kitako, hujanywa hata maji."

Alinilisha mihogo ya nazi na changu wa kukaanga kabla ya kukubali kuzungumza chochote. Ndipo akaleta simu yake. Ilikuwa simu ndogo, kioo kimepasuka pembe moja, mgongoni amekifunga kifuniko kwa mpira wa nywele. Nikamwandikia anwani, akabonyeza mwenyewe.

Ukurasa ukawa mweupe. Tukangoja. Upande wa juu kale kamstari ka kupakia kalisogea kidogo kakasimama. Nikasikia kuku wanaparura nyuma ya nyumba. Tukangoja tena. Jina la nyumba yake likatokea, peke yake, halafu kipande cha picha ya kwanza, kama kidole kimoja cha mbingu ya buluu. Akainua uso akanitazama.

"Mwanangu, mbona mlango haufunguki?"

Kabla sijajibu, ujumbe wa mtandao wa simu ukaingia kumwambia bando lake limekwisha.

Nilipiga hesabu palepale kwenye laptopu yangu. Nilikuwa nimeweka picha 7, kila moja MB 4 na kitu, kama zilivyotoka kwenye kamera. Nikaongeza fonti mbili za kupendeza na vikorombwezo vya kuzifanya picha ziteleze. Ukurasa wa mbele peke yake ulikuwa na MB 31. Yeye alibakiwa na MB 24. Nilikuwa nimemjengea mtu nyumba ambayo mwenyewe hawezi kuingia.

Lakini si hesabu iliyoniuma. Bi mkubwa aliifuta simu yake kwa ncha ya khanga, akasema kwa sauti ya kuona haya, "Nisamehe mwanangu, simu yangu hii nzee. Umekuja mbali bure." Alijilaumu yeye. Simu ilikuwa nzima, mtandao ulikuwepo, pesa ya bando alilipa. Aliyekosea ni mimi, na aliyeomba radhi ni yeye. Tangu siku hiyo nimewatazama watu wakitumia simu madukani, spitali, kwenye foleni, na nimeliona jambo lilelile: ukurasa ukikwama, mtu hulaumu simu yake, au hulaumu elimu yake. Halaumu fundi. Hilo linanikera mpaka leo, na ndilo lililonifanya nibadilishe namna ninavyofanya kazi.

Nilirudi jioni na kusi mgongoni. Kutoka Paje mpaka Jozani sikukanyaga sana pedeli, upepo ule ule ulionizuia asubuhi sasa ulinibeba. Nilikuwa na wasaa wa kufikiri.

Picha ya kamera ya simu ya kawaida ina pikseli, vile vinukta vinavyoijenga picha, 4,000 kwa 3,000, yaani milioni 12. Kioo cha simu ya bi mkubwa kina upana wa pikseli 720. Ukimwonyesha picha ile kwa upana wote wa kioo, pikseli anazoziona ni kama 389,000. Zilizobaki, zaidi ya milioni 11, simu inazipokea, inazilipia kwa bando la mwenyewe, kisha inazitupa. Ni sawa na kumpakia mtu magunia 31 ya mchanga kutoka mjini mpaka Jambiani, na kule akatumia moja tu.

Na mimi nilijiona fundi wa simu hasa. Nilikuwa nimeisoma kwa makini makala ya Ethan Marcotte ya mwaka 2010, iliyowafundisha wabunifu duniani kutengeneza ukurasa mmoja unaojibana na kujitanua kwa kadiri ya kioo. Tovuti zangu zote zilikuwa zinajibana vizuri. Upana niliujali. Uzito sikuwahi kuupima, kwa sababu kwenye meza yangu, na laini nzuri, haukunigharimu kitu.

Wiki ile nilikaa na ukurasa ule kama fundi baiskeli anavyokaa na gurudumu lililopinda. Picha nikazikata zifike upana unaohitajika, nikazigeuza kuwa WebP, muundo wa picha ambao Google waliutoa mwaka 2010 na unaobana vizuri zaidi ya JPEG. Kila moja ikawa chini ya KB 70, na KB 1,000 ndiyo kama MB moja. Za chini nikazizuia zisipakuliwe mpaka mtu ashuke kuzifikia. Fonti nikaziondoa zote mbili, nikaacha simu itumie herufi zake yenyewe. Vya kuteleza nikavifuta. Nilipomaliza, ukurasa wote ulikuwa na KB 380, na nikauangalia nikaona ni mzuri kuliko ule wa mwanzo. Nikamtumia ujumbe. Usiku akanijibu kwa sauti, maneno mawili: "Mlango umefunguka."

Siku hizi nina simu ya majaribio, kuukuu, niliyoinunua Darajani kwa makusudi, na kila ninachotengeneza nakifungua humo kwanza. Na kwenye jumba letu, baina ya ghorofa ya kwanza na ya pili, kuna pahala mtandao unazimika karibu wote. Nasimama hapo na baiskeli begani au bila baiskeli, nafungua kazi yangu. Ikifunguka pale, itafunguka Micheweni kule Pemba na itafunguka Makunduchi. Usiku mmoja nilijaribu kufungua pale ukurasa wa kwanza kabisa wa mtandao, ule aliouandika Tim Berners-Lee kule CERN, kituo cha utafiti cha Uswisi, na kuufungulia dunia mwaka 1991. Ni maandishi matupu na viungo vyake. Ulitokea mara moja, kwenye ngazi zenye giza za Michenzani, zaidi ya miaka 30 baadaye. Nilisimama nikausoma mpaka mwisho.

Nikaanza pia kuzijaribu kazi zangu juani. Nikiwa safarini nasimama Paje, kwenye ule mchanga mweupe, saa 7 mchana, natoa simu. Maandishi ya kijivu juu ya weupe, ambayo wabunifu tunayapenda kwa sababu yanaonekana ya kistaarabu chumbani, pale hayasomeki hata kwa kukunja uso. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, wa kuzifanya tovuti zitumike na kila mtu, unataka tofauti ya mwanga baina ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Nilikuwa naijua namba hiyo kama mtu anavyojua tarehe ya kitabuni. Mchanga wa Paje ndio ulionifahamisha ina maana gani.

Mapenzi yangu ya vifaa yana asili ya zamani zaidi, na nayo inahusu baiskeli. Tarehe 10 Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima. Waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka Bara, uliowekwa mwaka 1980, uliharibika, na hatukupata umeme tena mpaka Machi 2010. Ilikuwa mara ya pili, maana mwaka 2008 tulikaa kama mwezi mzima, Mei mpaka Juni. Mimi nilikuwa bado skuli ya msingi. Nakumbuka ngurumo za majenereta madukani, ndoo za maji kichwani kwa sababu pampu hazifanyi kazi, na simu zimezima kila nyumba.

Ami yangu alikuwa fundi redio. Siku moja akaipindua Phoenix yake juu chini kwenye baraza, siti na usukani chini, magurudumu juu. Ilikuwa na dinamo ya taa, ile ya umbo la chupa ndogo inayojisugua kwenye tairi. Dinamo kama ile hutoa volti 6, wati 3, na umeme wake unakwenda na kurudi. Simu inataka umeme wa upande mmoja, kama volti 5. Ami akang'oa dayodi nne, vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye redio mbovu, akazipanga pembe nne. Nilimuuliza kwa nini nne, akanijibu bila kuinua kichwa, "Mbili zinafungua mlango umeme unapokwenda, mbili unaporudi. Wenyewe unajiona unatembea, kumbe wote unatokea upande mmoja." Akatia kapasita ya kuulainisha. Mwisho akaunga kidude cheusi cha miguu mitatu kilichoandikwa 7805, kinachoshikilia volti 5 hata ukizungusha kwa nguvu.

Chuma cha kulehemu kilikuwa cha umeme, na umeme ndio huo haupo. Basi akachukua msumari mnene wa shaba uliotiwa mpini wa mti, akaupasha kwenye jiko la mkaa ambalo Mama alikuwa anapikia maharage. Naukumbuka moshi mwembamba mweupe wa risasi ikiyeyuka, unachanganyika na harufu ya maharage ya nazi. Tone la risasi lilikaa juu ya mguu wa dayodi likametameta, halafu likapooza likawa kijivu. Ami akalipuliza taratibu, kama mtu anayempuliza mtoto jichoni.

"Zungusha."

Nikashika pedeli kwa mkono nikazungusha. Kioo cha Nokia ya Mama kikawaka. Ile milia ya betri ikaanza kupanda, mmoja, mwengine, mmoja, mwengine. Nilizungusha kwa zamu na binamu zangu karibu saa mbili, mikono inatuuma, mpaka Mama akaweza kumpigia dada yake Wete na kumwambia tuko salama. Sijawahi kusahau kwamba yale mazungumzo, kila neno, yalitoka mikononi mwetu.

Ami ameshatangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Waya mpya wa MW 100 uliingia mwaka 2013, na siku hizi umeme ukizima ni wa saa chache, au ni mimi sijanunua Tukuza, umeme wa kulipia kabla. Lakini kwenye baiskeli yangu, moja ya mtumba kutoka Japani yenye kikapu mbele, nimeweka dinamo ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele. Hii haijisugui kwenye tairi, wala haipigi kelele. Mtambo wa kuchaji nimeuunga mwenyewe, kwa dayodi za aina ya Schottky. Zile za Ami zilikula kiasi cha volti 0.7 kila moja, na umeme hupita mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo karibu volti moja na nusu ilipotea njiani. Hizi zangu hula kama nusu yake. Nikifika mwendo wa kilomita 15 kwa saa taa ya simu inaonyesha inachaji, na kila mara nafurahi kama ndiyo mara ya kwanza. Kipima mwendo changu nacho ni cha kale: sumaku moja kwenye spoku, na swichi ndogo kwenye uma inayohesabu kila sumaku inapopita. Gurudumu langu likizunguka mara moja ni mita 2 na sentimita 7. Basi. Simu ingeweza kufanya hivyo na mengi zaidi kwa satelaiti, lakini napenda kifaa ninachoweza kukifungua nikakiona kinavyofikiri.

Nirudi kwa bi mkubwa, maana hakuwa amemalizana nami. Mwezi wa Agosti alinipigia. Mgeni kutoka Ufaransa alijaza fomu kwamba atafika 10:00. Bi mkubwa akasoma saa kumi, akajua ni alasiri, akenda zake baharini. Mgeni alishuka saa nne asubuhi, akakaa juu ya sanduku chini ya mnazi mpaka yeye alipotoka majini.

Kosa hili nalo lilikuwa langu. Nimezaliwa na saa ya Kiswahili, naitumia kila siku na mama yangu, na bado nilipachika kalenda ya kununua iliyotengenezwa kwa watu ambao siku yao inaanza usiku wa manane. Kwetu saa ya kwanza inahesabiwa jua likichomoza, na ya kwanza ya usiku likitua. Kikokotoo chake ni chepesi: ongeza 6, ukizidi 12 punguza 12. Kumi ukiongeza sita ni kumi na sita, toa kumi na mbili, nne. Mstari mmoja wa msimbo. Kazi ilikuwa kwenye maneno. Niliongeza alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni na usiku, na nikakaa nusu siku kuamua mpaka wa alasiri na jioni, mpaka nikamuuliza Mama. Sasa mgeni anaona 10:00 na bi mkubwa anaona saa 4 asubuhi, kwenye fomu ileile. Kuna gumu moja zaidi sijalimaliza. Kwa wazee wetu siku mpya inaingia Magharibi, kwa hiyo ukimwambia bi mkubwa "usiku wa Ijumaa" anafahamu ule usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Kwa sasa nimeandika "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa", ni maneno mengi kwenye kitufe, lakini hakuna aliyepotea tena.

Mambo ya namna hii ndiyo ninayoyapenda katika kazi hii, na nasikitika tunayapa nafasi ndogo. Fomu yangu ya kwanza kabisa, miaka ile nimeanza, ilivunjika kila alipojiandikisha mtu wa Jang'ombe. Wa Kikwajuni alipita, wa Mwembeladu alipita, wa Jang'ombe akaambiwa kuna hitilafu. Ile alama ya king'ong'o, kwenye lugha ya hifadhidata, ndiyo alama ya kufunga maneno. Mashine ilisoma "Jang", ikadhani mtu amemaliza kusema, na "ombe" iliyobaki ikaiona ni amri isiyoeleweka. Dawa yake inajulikana, na ni hatari kutoitumia, maana penye mlango huo mtu mbaya anaweza kuingiza amri zake mwenyewe. Lakini nawaza: ni fomu ngapi zilizotengenezwa na watu wasiojua kwamba kuna ng'ambo, ng'ombe na Jang'ombe? Mtaa mzima wa watu unaambiwa anwani yao ni kosa.

Mwezi wa Januari nilikwenda tena Jambiani. Upepo ulikuwa umeshageuka, kaskazi ikinipiga ubavu wa kushoto njia nzima, na miembe ya Bungi ilikuwa imepukutisha maembe barabarani, magari yameyaponda, nyuki wamejaa. Nilimkuta bi mkubwa uani anaanika mwani juu ya chandarua. Nilikuwa nimemletea kalenda mpya: kwenye ukurasa wake yeye, siku za maji ya bamvua zimetiwa rangi, zile za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, ili asipokee mgeni saa ambayo bahari inamwita. Aliitazama kwa muda, akahesabu kwa vidole, akasema siku mbili zimeelea, bamvua kubwa hasa huja nyuma ya mwezi kidogo. Nikazisogeza palepale. Miaka yake kwenye maji ni mingi kuliko umri wangu.

Halafu akasema anataka picha ya mwani iwekwe. Wageni wanauliza, na yeye hataki kueleza kila mara. Nikainama nikapiga: mikono yake, kamba, mwani wa kijani na wa zambarau unang'aa kwa maji. Picha nzuri. Nikafungua laptopu kuipandisha.

"Ina uzito gani hiyo?" akauliza.

"MB 5, Bi Mkubwa."

"Punguza kwanza. Usije ukawalia watu bando lao."

Nikakaa barazani nikaipunguza. KB 62. Nikaipandisha, nikamwambia ajaribu. Akafuta mikono kwenye khanga, akaifungua simu yake ileile ya kioo kilichopasuka, akaikinga jua kwa kiganja. Akaanza kuhesabu kwa sauti, "Moja, mbi—" na mikono yake mwenyewe ikatokea kwenye kioo, imeshika kamba. Akamwita mjukuu wake aje aone. Kisha akanipa simu niishike, akachukua gunia lake tupu, maana maji yalikuwa yameanza kutoka.